Mama kabadilishiwa nyonga, na sasa hanywi maji

Shikamoo Shangazi,

Naandika kutoka Ujiji, Kigoma. Sisi tumezaliwa watano, mimi ni wa tatu, na ndiye niliyebaki nyumbani na mama. Kazi yangu ni dagaa. Nanunua Kibirizi alfajiri, naanika, nafunga magunia, natuma Tabora na Dar. Nasema nanunua, lakini tangu mama arudi kutoka hospitali sijafika Kibirizi hata mara tatu, na mtaji tunaula.

Mama ana miaka 66. Nyonga yake ya kulia ilisagika polepole kwa muda wa miaka sita hivi. Alianza kwa kuchechemea, ikaja fimbo, mwisho kutoka chumbani hadi barazani ikawa safari ya kupumzika njiani. Picha zilipopigwa daktari akasema gegedu limekwisha, mfupa unasaga mfupa. Tukachangishana, wajomba wakatoa, tukauza kiwanja cha marehemu baba, mama akapelekwa Dar es Salaam akabadilishiwa nyonga nzima. Leo ni siku ya 24. Nyuzi zilitolewa siku ya 14, siku ya 16 tukarudi naye kwa ndege. Kidonda kimekauka. Yale maumivu ya usiku yaliyokuwa yakimliza anasema hayapo tena, alhamdulillahi.

Wodini alisimamishwa siku ya pili, akatembea na fremu mpaka dirishani na kurudi. Nilimwona kwa macho yangu. Lakini siku ya kuruhusiwa wagonjwa walikuwa wengi, tukapewa mfuko wa dawa, fremu yake ya kutembelea na karatasi ya mistari michache ya Kiingereza. Nesi alisema kwa haraka: asichuchumae, asikunje nne, asilalie upande ule. Basi, tukaondoka.

Hapa nyumbani amehamia mama mkubwa, dada yake mama, kutusaidia. Nampenda na namheshimu, lakini amesema chuma lazima kishikwe na nyama kwa siku 40 na mgonjwa wa mfupa hatembezwi. Kwa hiyo mama analala mchana kutwa. Chakula anapelekewa kitandani. Fremu imesimama pembeni, tumetundikia kanga. Choo chetu kiko uani, cha kuchuchumaa, kuna kizingiti kirefu halafu hatua kama 20. Mama akitaka haja tunamwita kaka anayekaa nyumba ya pili, anamwinua, anamkalisha kwenye ndoo ile ndogo ya lita 10, sisi tunamshika mabega.

Mguu wa kulia umevimba, hasa chini ya goti. Mama mkubwa anasema ni damu mbaya imelala, amempata mkandaji aje na mawese ya moto aukande mguu wote mpaka nyongani. Nimezuia mara mbili. Mara ya tatu hatanisikia, maana mimi kwake ni mtoto tu. Kuna vidonge vidogo vya kutwa mara moja vya kuzuia damu isigande. Mama kasema amechoka na dawa, tangu Ijumaa hamezi. Leo Jumanne. Vimebaki 15.

Jirani naye ametuambia chuma kitapata kutu na ndani ya miaka mitano mama atapasuliwa tena. Mama akiadhiniwa analia, kwa kuwa hawezi kusujudu, anaona swala yake haina maana.

Jambo jingine dogo, sijui hata kama linahusu. Mama hanywi maji. Namwekea kikombe cha bati kando ya kitanda, nikirudi nakikuta kitupu, nikawa nafurahi. Juzi nimezunguka nyuma kuanua nguo nikaona udongo chini ya dirisha lake umelowa, na mvua hatujaiona. Chakula pia ni matonge mawili matatu, anasema ameshiba.

Jana alikataa uji nikamjibu vibaya. Nikaenda uani nikalia. Shangazi, nifanye nini? Alale hizo siku 40? Tumkande? Dada yangu anasema nimrudishe Dar akakae kwake. Nimechoka mpaka naona aibu kuandika.

Wa tatu, Ujiji

Marahaba mwanangu.

Kabla hujasoma mengine, kuna jambo la leo. Mguu umevimba chini ya goti, mama amelala siku nane bila kutembea, na vidonge vya kuzuia damu isigande vimeachwa siku nne. Hayo matatu yakikutana hayasubiri kesho. Mpeleke hospitali ya Maweni leo, na vidonge vyenyewe pamoja na karatasi yake mkononi, uwaambie kwa maneno haya haya: ana siku 24 tangu abadilishiwe nyonga, mguu umevimba, dawa ya kuzuia damu isigande ameiacha tangu Ijumaa. Waombe waangalie kama kuna damu iliyoganda kwenye mshipa wa mguu, kwa kipimo cha mawimbi ya sauti (ultrasound) kikiwezekana.

Inawezekana sana wasione kitu. Mguu uliofanyiwa upasuaji wa nyonga huvimba wiki nyingi, na jioni huvimba zaidi. Lakini mimi siwezi kuutofautisha uvimbe huo na ule mbaya nikiwa mbali, wala wewe huwezi kwa kuutazama. Bonge la damu kwenye shavu la mguu likikatika hukimbilia mapafuni. Kwa hiyo mkandaji asiuguse mguu huo. Hiki nakuomba ukisimamie hata kama nyumba nzima itakununia. Kukanda ndiko kunakoweza kulikata bonge hilo, na kuvutavuta paja kunaweza kuichomoa nyonga mpya mahali pake.

Mchukulie gari la kawaida. Bajaji na bodaboda hapana. Kiti cha mbele kisukumwe nyuma mpaka mwisho, mgongo wa kiti ulazwe kidogo, muweke mto juu ya kiti ili kisiwe chini. Arudi kinyumenyume mpaka aguse kiti, akae kwanza, ndipo miguu iingie pamoja na mwili, taratibu. Na akianza kubanwa pumzi, au kifua kikachoma ghafla, au akakohoa damu, muda wowote, hata saa nane za usiku, hiyo ni dharura.

Vidonge wakisema aendelee, aendelee mpaka viishe, na asimeze viwili kwa pamoja kufidia alivyoruka. Hesabu yako mwenyewe inaonyesha alipewa 35. Baada ya upasuaji wa nyonga dawa hii hutolewa kwa wiki nne hadi tano, si kwa sababu mtu anaumwa bali kwa sababu hatari ya damu kuganda haiishi siku ya kutoka wodini.

Sasa tukae tuzungumze.

Umeandika habari ya maji mwishoni kabisa, ukasema ni jambo dogo. Mimi nilifanya kazi wodi ya mifupa miaka mingi kabla ya kustaafu, na nilipofika hapo kwenye udongo uliolowa nikaiweka barua chini kwanza. Mwanangu, mama yako anamwaga maji dirishani ili asiende haja. Mama aliyelea watoto watano, aliyejisitiri maisha yake yote, anainuliwa na mwanawe wa kiume na kukalishwa kwenye ndoo, binti kamshika bega hili, dada yake bega lile. Hakuna aliyemkosea, nyote mnafanya kwa mapenzi. Lakini ametafuta njia pekee iliyo mikononi mwake ya kuilinda sitara yake, nayo ni kutokunywa na kutokula. Uji alioukataa jana hakuukataa kwako.

Na maji hayo yanagusa kila kitu ulichonilalamikia. Mtu asiyekunywa maji, damu yake huwa nzito na huganda upesi. Vidonge vikali vya maumivu, kama vimo kwenye mfuko wenu wa dawa, hufunga choo, na bila maji hufunga zaidi, hapo akila matonge matatu anaona kweli ameshiba. Mkojo ukikaa sana hualika maambukizi, na kwa mtu mwenye nyonga bandia maambukizi popote mwilini ni jambo la kukimbilia, maana vijidudu vikiingia kwenye damu huweza kwenda kujificha kwenye kile kiungo kipya. Hii ni ya maisha yote: jino likioza, jipu likiota, mkojo ukichoma, asikae nalo nyumbani, na daktari aambiwe kwamba ana nyonga bandia.

Halafu hiyo ndoo. Ndoo ya lita 10 iko chini mno. Akikaa pale magoti yanapanda juu kuliko nyonga, na huo ndio mkao wenyewe mliokatazwa mlipoambiwa asichuchumae. Misuli na utando unaoizunguka nyonga mpya bado haujapona, na paja likikunjwa sana kuelekea tumboni kichwa cha kiungo huweza kutoka kwenye kikombe chake. Wengi wanaopasuliwa kwa nyuma ya nyonga huambiwa wasikunje kupita pembe mraba (nyuzi 90) kati ya paja na kiwiliwili, wasivushe mguu kupita katikati ya mwili, wasiugeuzie ndani, kwa wiki 6 hadi 12. Waliopasuliwa kwa mbele huwa na masharti mengine, mepesi zaidi. Kwa hiyo pigeni simu kule alikopasuliwa, muulize mambo mawili tu: alifunguliwa kwa mbele au kwa nyuma, na masharti yake ni ya mpaka lini. Ndoo leo iondoke.

Badala yake nenda kwa fundi seremala. Mwambie akutengenezee kiti cha mbao chenye mikono miwili imara na tundu katikati, ndoo ikae chini yake. Kimo usimwachie fundi akisie. Msimamishe mama na fremu yake, kavaa viatu, pima kwa utepe kutoka sakafuni hadi kwenye mkunjo nyuma ya goti, kisha ongeza upana wa vidole vitatu, kama sentimita 5. Hapo akikaa nyonga itakuwa juu kidogo ya goti. Mikono ya kiti iwe mirefu kwenda mbele ili apate pa kukandamiza anapoinuka. Watu wengi hutoboa kiti cha plastiki. Nimeona kikipasuka mguu mgonjwa akiwa juu yake, na sakafu ikiwa na maji huteleza. Mbao ni bora, na miguu ya chini avishe vipande vya mpira wa tairi.

Kiti hicho kikae chumbani mwake nyuma ya pazia. Tundika kanga mbili kwenye kamba, inatosha. Kaka asiitwe tena. Mama atarudi kinyumenyume na fremu mpaka ahisi kiti nyuma ya miguu, ataunyoosha mguu wa kulia mbele kidogo, ataishika mikono ya kiti, atakaa. Kuinuka ni hivyo hivyo. Siku mbili za kwanza simama karibu naye, ya tatu simama nje ya pazia. Kwa kujitawaza mtafutie kata ya mpini mrefu, ili asipinde mwili na kujinyonga kiuno kufikia nyuma. Mlango wa uani na kizingiti chake tutavirudia baadaye, miguu ikipata nguvu, na siku hiyo kiti hicho hicho kitabebwa kikawekwa juu ya tundu la choo.

Kiti kikishakuwa tayari, usimwambie anywe maji. Mwonyeshe kiti. Maji atayanywa mwenyewe.

Kuhusu siku 40: hapana, asilale. Wewe mwenyewe umeona siku ya pili akitembea mpaka dirishani, na waliomtembeza ndio waliomwekea kiungo hicho. Kama kingehitaji kungoja wasingempa fremu. Mtu wa nyonga akilala misuli ya paja na ya tako hunywea, na hiyo misuli ndiyo inayokishika kiungo kisitoke. Ondoa kanga kwenye fremu. Kesho, daktari akisharidhika na mguu, atoke kitandani hadi mlangoni na kurudi, mara nne au tano kwa siku. Keshokutwa sebuleni. Safari fupi nyingi zina faida kuliko moja ndefu ya kumchosha. Fremu mbele, kisha mguu wa kulia, kisha wa kushoto. Akitaka kugeuka apige hatua ndogo ndogo, asizungukie juu ya mguu mmoja. Akifika penye kizingiti cha kupanda, mguu mzima, yaani wa kushoto, hutangulia. Akishuka hutangulia fremu, kisha mguu uliopasuliwa.

Akiwa kitandani achezeshe nyayo juu na chini mara 10 kila anapokumbuka, akaze paja akihesabu hadi tano, abane makalio, aburute kisigino kuelekea kwake kidogo na kukirudisha. Akisimama ameshika meza nzito, aupeleke mguu pembeni na kuurudisha, aupeleke nyuma na kuurudisha. Yatamuuma kidogo, hayo ni ya misuli inayoamka. Maumivu ya ghafla makali kwenye kinena, mguu ukaonekana mfupi kuliko mwenzake au umegeuka, akashindwa kuukanyagia, hayo ni mengine kabisa: mlazeni, msiuvute, mtafute gari la kumpeleka hospitali amelala. Na kidonda kikianza kutoa majimaji au usaha, kikawa chekundu kinachotanuka, au homa ikapanda, msikipake kitu chochote. Mpelekeni. Ukiwa Maweni leo waulize pia habari ya mtaalamu wa mazoezi tiba. Hata akimwona mara mbili tu, atakusahihishia mengi ambayo barua haiwezi.

Ondoa mikeka njiani, huangusha wagonjwa wa nyonga. Kuku wafungiwe. Kanga yake ifungwe juu ya kifundo cha mguu, isiburute. Malapa asivae, avae viatu vya kufunika kisigino vyenye soli isiyoteleza, na wewe umvalishe, asiiname. Kitanda kama kiko chini, seremala huyo huyo akichongee magogo manne yenye kishimo juu, miguu ya kitanda iingie humo, si matofali yaliyopangwa. Usiku mto ukae katikati ya mapaja. Kigoda, kibao cha mbuzi, kuketi chini kuchambua dagaa, viwekeni mbali mpaka aliyempasua aseme.

Sasa mama mkubwa. Hapa ndipo naona moyo wako ulipo mzito, na una haki. Usimwambie amekosea. Yeye amelala chini chumba kimoja na mdogo wake siku zote hizi, na kwa elimu aliyorithi mguu uliovimba hukandwa. Mchukue leo mwende naye hospitali. Daktari amwambie yeye mwenyewe, mkubwa kwa mkubwa, wewe ukiwa kimya pembeni. Kisha mpe kazi ya mikono yake, maana mtu wa namna hiyo akinyimwa kazi ndipo anapotafuta mkandaji. Mtu anayetembelea fremu huumwa mabega, viganja na shingo, mwili wote unabebwa na mikono. Mama mkubwa apashe mawese yake, yawe ya vuguvugu, amkande mama mabega na mikono kila jioni. Hapo hayana madhara, na nakwambia kweli, mama atalala vizuri. Na mawese mengine yaingie kwenye chungu cha mgebuka. Mgonjwa wa upasuaji anahitaji samaki, maharage, mayai, mboga za majani, ili nyama ijijenge. Dagaa unao mwenyewe.

Swala. Mwambie mama habari ya Imran bin Huswain, sahaba aliyekuwa na bawasiri, akamuuliza Mtume aswali vipi. Akajibiwa aswali amesimama, akishindwa aswali ameketi, akishindwa aswali kwa ubavu. Katika jibu hilo hakuambiwa swala yake imepungua. Mama aswali kwenye kiti kirefu chenye mikono, ainamishe kichwa kwa rukuu, na kwa sujudu ainamishe zaidi kidogo, kichwa tu na mabega, bila kulaza kifua kwenye mapaja. Udhu ummwagie wewe, miguu umwoshee wewe. Bado akiwa na wasiwasi, mwombe imamu wa msikiti wenu apite kumjulia hali, amwambie kwa kinywa chake. Kwa mama yako neno hilo lina uzito kuliko dawa nyingi. Na kusimama na kuketi mara tano kwa siku kwa ajili ya swala kutamfanyisha mazoezi bila kumwambia ni mazoezi.

Jirani wa kutu mjibuni kwa upole na kwa kifupi. Viungo hivi hutengenezwa kwa madini yasiyoshika kutu mwilini, pamoja na plastiki ngumu au kauri. Mwingereza John Charnley alianza kuweka vya mfano huu mwaka 1962, katika hospitali ya Wrightington, mpira wa chuma unaozunguka ndani ya kikombe cha plastiki, na vya leo ni wajukuu wa hicho. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2019 ulionyesha kwamba baada ya miaka 25, karibu nyonga 58 katika kila 100 zilikuwa bado hazijahitaji kubadilishwa. Mama ana 66. Kiwanja cha baba hakikupotea.

Kuhusu Dar, sishauri mama asafirishwe sasa. Safari ndefu ya kukaa ni adui wa mishipa ya miguu, na ameshazoea chumba chake, dada yake yupo, adhana anaisikia. Atakwenda siku ya kuonwa na daktari wake, nayo usiikose. Kwa wengi kuacha fremu na kushika fimbo huja kati ya wiki ya nne na ya nane, kazi nyepesi za nyumbani miezi mitatu, na nguvu kamili huweza kuchukua hata mwaka.

Lakini dada yako ana deni. Piga simu leo usiku, uwaunganishe wote wanne, uwaambie bila kuzunguka. Usiombe pole. Wape hesabu: kiti, magogo ya kitanda, gari la leo, mtaji ulioliwa. Na wape siku: dada aje Kigoma wiki mbili, anayemfuata aje baada yake. Asiyeweza kuja alipe binti wa jirani akae na mama kuanzia saa kumi na moja alfajiri mpaka saa nne, siku tatu kwa wiki, wewe uende Kibirizi. Ukimlea mama kwa kuufilisi mtaji wako, mtakuja kulelewa wawili.

Na lile jibu la jana. Usilibebe. Akishalala mama mkubwa, keti kando ya kitanda umwambie: "Mama, nimeuona udongo chini ya dirisha. Nimeelewa. Nimekutafutia kiti, kaka hataitwa tena." Usiongeze neno. Mwache yeye aseme.

Kisha niandikie mguu umeonekanaje Maweni.

Shangazi